Milimoli za Mama Mkwe

Daktari aliyenipima sukari alikuwa na umri wa binti yangu. Hilo halikunishangaza. Siku hizi kila mwenye mamlaka juu yangu ana umri wa binti yangu, kuanzia askari wa barabarani hadi kasisi.

"Saba pointi tisa," akasema.

"Saba pointi tisa nini?"

Akaniangalia. "Sukari, Mzee."

"Hiyo najua. Lakini saba pointi tisa ya nini? Kilo? Vijiko? Maili?"

Jibu nilikuwa nalo. Ila nimegundua kwamba mtu akiogopa habari huanza kuhoji vipimo vyake. Daktari akakigeuza kile kifaa kidogo, akakaza macho kwenye herufi zilizo chini ya tarakimu.

"Milimoli kwa lita."

"Asante."

"Karibu. Na asubuhi hii hujala chochote?"

"Hata maji nimeyatazama tu."

"Basi iko juu. Nenda, upunguze vitu vitamu, utembee, halafu baada ya wiki mbili urudi Jumatatu asubuhi bila kula. Ikiwa chini ya saba, tutaongea habari ya mboga. Ikiwa saba na kuendelea, tunaanza dawa."

"Dawa kwa muda gani?"

"Mzee," akasema kwa upole, kama mtu anayemwambia mtoto kwamba paka hatarudi, "dawa ya sukari haiulizwi muda gani."

Nilitoka pale nikiwa na lengo moja tu maishani: kuwa chini ya saba. Sikuwa nahofia figo wala macho, ingawa ndivyo vilivyochorwa ukutani kwa rangi za kutisha. Nilihofia kuwa mzee wa kisanduku. Mnawajua. Ni wale wanaume wa rika langu ambao harusini, sahani ikifika tu, huingiza mkono kwenye koti na kutoa kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba, kisha hupanga vidonge kando ya soda kana kwamba wanataka kucheza bao. Halafu mmoja wao huuliza, "Wewe unameza ya rangi gani?" na hapo ujana wako unakuwa umezikwa rasmi, bila hata hotuba.

Sasa, mimi nilisoma kemia chuo kikuu. Niliisoma mwaka mmoja, hadi mhadhiri wa maabara aliponivuta kando na kunishauri nihamie fasihi. "Kule ukikosea," alisema, "hakuna kinacholipuka." Alikuwa mtu mwema, ingawa hakuwahi kusoma mashairi yangu ya wakati ule.

Katika mwaka huo nilibaki na kitu kimoja, nacho ni moli. Shida ya atomi ni kwamba ni ndogo mno kuhesabika. Kwa hivyo wanakemia walifanya kama mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale soko la Kibuye, ambaye hajawahi kuhesabu omena hata mmoja na hana mpango wa kuanza. Ukitaka kujua umepata omena wangapi, usiwapange mstari. Jua uzito wa mmoja, pima rundo, na hesabu itajileta yenyewe. Wanakemia waliipa atomi ya haidrojeni uzito wa moja, kaboni kumi na mbili, oksijeni kumi na sita. Hizo si gramu. Ni ulinganisho tu, kama kusema samaki huyu ni mzito mara kumi na mbili kuliko yule. Kisha wakasema: chukua gramu kumi na mbili za kaboni, na idadi ya atomi zilizomo tuiite moli moja. Idadi yenyewe ni sita ikifuatwa na tarakimu ishirini na tatu, na sijawahi kukutana na mtu aliyeihitaji nje ya chumba cha mtihani.

Isipokuwa mimi, jioni ile, kwenye meza ya jikoni. Tunaishi Kisumu, mtaa wa Milimani, ule upande wa Milimani ambao watu wa Milimani hawaujui. Mke wangu alikuwa akichagua maharagwe. Nilimwomba mzani wake wa kupimia unga wa keki.

"Glukosi," nilimwambia, "ndiyo sukari inayozunguka kwenye damu. Molekuli yake moja ina kaboni sita, haidrojeni kumi na mbili na oksijeni sita. Jumlisha. Sabini na mbili, kumi na mbili, tisini na sita. Inakuja?"

"Baba, daktari amesemaje?"

"Mia na themanini! Kwa hivyo gramu mia na themanini za glukosi ni moli moja. Milimoli ni sehemu moja ya elfu ya moli. Mimi nina damu kama lita tano. Saba pointi tisa mara tano, mara mia na themanini, gawa kwa elfu. Inakuja gramu saba hivi."

Nikachota sukari kwenye mkebe, nikamimina juu ya mzani hadi ukasoma saba. Nikaimwaga mezani mbele yake.

"Hiyo ndiyo sukari yote iliyomo katika damu yangu. Yote! Mtu mzima wa rika langu, kijiko na nusu. Na mtu asiye na ugonjwa wowote, mwenye tano, ana gramu nne na nusu." Nikatenga kirundo kidogo kwa ncha ya kisu. "Tofauti kati yangu na mwanariadha ni hii hapa. Haijazi hata kijiko cha chai. Kwa sababu ya hii ndiyo wananitisha!"

Mke wangu aliinama akakitazama kile kirundo kwa muda.

"Ni kidogo kweli," akasema.

"Si nimekwambia?"

"Na sumu ya panya, huwa unaona ikiuzwa kwa gunia?"

Akarudi kwenye maharagwe yake. Nilichoweza kuokoa katika mazungumzo yale ni ahadi moja. Nilimwomba asiwaambie watu wa kwao, hasa mama yake. Mkwe ni mtu wa kusifiwa kwa afya. Ukisikika una ugonjwa usio na mwisho, shangazi wanaanza kumtazama binti yao kwa jicho la huruma na kuuliza kama nyumba ina hati.

"Sitasema," akaniahidi, na kwa sababu fulani alitabasamu.

Wiki zile mbili nilikuwa mtakatifu. Nilikunywa chai ya rangi bila sukari, kinywaji kinachofanana na kusomewa wosia. Kila asubuhi nilitembea hadi ziwani na kurudi, nikipishana na watu waliotoka mtaa wa mabanda wa Obunga kwa miguu kuja kufanya kazi huku kwetu, ambao hawakuambiwa na daktari yeyote na bado walinipita. Nilianza kujisikia mwepesi. Nilijiona kabisa nikiwa sita na kitu.

Kisha, Jumamosi ya kabla ya ile Jumatatu yangu, ikabidi twende Katito kumwona mama mkwe. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na mkwe asiyekwenda kuona jicho jipya anajitafutia kuonwa na lile la zamani.

Mkono mtupu hauendi ukweni. Unabeba mikate, mafuta ya kupikia, majani ya chai, na juu ya yote sukari, kwa kuwa sukari ndiyo inayotangaza kwamba binti yao hajaolewa na bahili. Kwa hivyo kuanzia Kisumu, kupita Ahero na mashamba yake ya mpunga, nilisafiri nikiwa nimepakata kilo mbili za sukari kama mtoto. Sukari ya mezani ni nzito kuliko glukosi, moli yake ina gramu mia tatu arubaini na mbili. Nilikuwa nimebeba karibu moli sita.

"Ishike vizuri, Baba," mke wangu alisema akiwa kwenye usukani. "Usimwage moli."

Ni lazima nieleze jinsi mimi na mama mkwe tunavyoishi. Kwa desturi ya Wajaluo, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hatupeani mikono. Hatuketi kula chumba kimoja. Mimi huwa sebuleni, yeye huwa jikoni, na katikati kuna mlango wenye pazia. Miaka yote ya ndoa yetu tumezungumza salamu tu. Akisimama mlangoni husema, "Mkwe wangu, mmefika," nami husema, "Tumefika, Mama," na mambo mengine yote hupitia kwa watu. Siku hiyo alisimama mlangoni hivyohivyo, na jicho lake jipya likiwa na kitambaa cheupe.

"Mkwe wangu, mmefika."

"Tumefika, Mama. Pole na jicho."

"Limepona. Naona umepungua."

Hakungoja jibu. Pazia likajifunga.

Sebuleni nilikuwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye anauza dawa za ng'ombe pale sokoni Katito na huongea kana kwamba ng'ombe nao ni lazima wasikie. Chai ililetwa. Ilikuwa ya maziwa, imechemka mpaka ikabadilika rangi, na kwa harufu tu nilijua kwamba sukari yangu ilikuwa imetangulia kuingia. Katika nyumba hii sukari haiwekwi kikombeni, inapikwa humohumo kwenye sufuria. Kumpa mgeni chai na kumwachia ajitilie sukari mwenyewe ni kama kumpa mbuzi na kisu.

"Shemeji," nilinong'ona, "hii chai ina sukari?"

"Aai, shemeji! Unauliza kama nyumba ina paa?"

"Naweza kupata isiyo na sukari?"

Alinitazama kwa huzuni, akaingia jikoni. Nilisikia minong'ono. Kisha nikasikia kitu nisichokitarajia, yaani kijiko kikikoroga, kwa nguvu na kwa muda mrefu.

Kikombe cha pili kilipofika nilikionja kwa ncha ya ulimi. Kilikuwa kitamu kuliko cha kwanza. Kijiko kingesimama humo bila kuegemea.

"Umewaambia nini?" nilimuuliza.

"Nimewaambia ulivyosema. Kwamba hutaki sukari."

"Sasa mbona wameongeza?"

"Shemeji, wewe ni mtu wa vitabu lakini umeoa hapa. Mgeni akisema ameshiba, si ndiyo unaenda kumpakulia? Mama amesema, 'Masikini, ameonja akakuta haina utamu, na kwa heshima yake hawezi kusema tuongeze.' Amekusifu sana. Amesema wakwe wengine wangelalamika."

Nilikunywa. Mngefanya nini? Pazia lilikuwa likitikisika kidogo, dalili kwamba kuna jicho jipya nyuma yake, kitambaa kikiwa kimeinuliwa, linalofanya majaribio. Nilikunywa kikombe hicho, na kwa kuwa nilikimaliza, kikaja kingine, na mkate uliopakwa siagi ya kutosha kuziba nyufa za ukuta. Nikaona Jumatatu yangu ikizama kwenye maziwa. Mke wangu akapita akibeba sinia.

"Waambie ukweli," nilimnong'oneza.

"Ulisema nisiseme," akajibu. "Sijasema."

Basi nikaamua kumwambia shemeji, mwanamume kwa mwanamume, na ili asiogope nikamwambia kisayansi. Nilimwekea moli na milimoli na mia na themanini, na lita zangu tano za damu, nikammalizia kwa kumwonyesha kwa kidole kirundo kile kidogo kinachonitenga na mwanariadha. Alisikiliza kwa makini sana, jinsi anavyowasikiliza wenye ng'ombe.

"Kwa hivyo taabu yote hii," akasema, "ni kijiko kimoja kimezidi?"

"Hakijai hata kimoja."

"Mama!" akapaza sauti kuelekea kwenye pazia, hata kuku nje wakatawanyika. "Shemeji ana sukari! Lakini ni kijiko kimoja tu!"

Nikainamisha kichwa nikingoja kilio cha shangazi huko jikoni. Shemeji naye tayari alikuwa ameshapata tiba.

"Kijiko kimoja si kitu. Hiyo tunaiua kwa mwarobaini. Kichungu na kitamu vikikutana, kimoja kinamaliza kingine. Si ndiyo kemia hiyo? Asidi na nini ile nyingine?"

"Besi."

"Ehe! Basi unywe chai yako yote, halafu nikuletee kikombe kimoja cha mwarobaini kifuate nyuma kama askari."

Nilikuwa karibu kumweleza kwamba uchungu uko kwenye ulimi na sukari iko kwenye damu, na kwamba hawa wawili hawajuani, wakati sauti ilipotoka nyuma ya pazia. Haikuwa sauti ya salamu.

"Muulizeni mkwe wangu," mama mkwe akasema, "asubuhi huwa ngapi?"

Shemeji akanigeukia. "Mama anauliza, asubuhi huwa..."

"Nimesikia. Ilikuwa saba pointi tisa, Mama."

"Kabla ya kula?"

"Kabla ya kula."

"Mh. Mimi leo nilikuwa saba pointi mbili. Lakini jana nilikula viazi vitamu."

Nilimtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa amesimama kando ya pazia na sinia lake, anatazama dari.

"Wewe ulijua?" nikamuuliza.

"Miaka mitatu."

"Na hukuniambia?"

"Alisema nisiseme kwa wakwe," akajibu. "Sijasema."

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka mitatu mimi nimekuwa nikinywa chai ya sukari sebuleni, na yeye akinywa ya rangi jikoni, na kwa kuwa hatuli chumba kimoja, hakuna aliyewahi kuona kikombe cha mwenzake. Kumbe heshima yetu ilikuwa imetufichia siri wote wawili kwa uaminifu kuliko sanduku la benki.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia shemeji, "nenda kaniletee kile kipimo changu, kiko juu ya redio. Mpe mkwe wangu ajipime."

"Mama, nimekunywa chai sasa hivi," nilisema kwenye pazia.

"Ndiyo maana nataka kuona."

Shemeji akakileta, pamoja na sindano mpya, na maelezo marefu kuhusu namna anavyowatoa ng'ombe damu. Nikajichoma kidole. Tone likapanda kwenye kijiti. Kifaa kikahesabu kurudi nyuma polepole, kama mtu anayefikiria jinsi ya kukupa habari.

"Ngapi?" sauti ikauliza.

Nikakisogeza kifaa karibu na macho.

"Mbona mkwe wangu hasemi?"

"Kumi na tatu pointi sita!" shemeji akatangaza, kama vile nimeshinda kitu.

Kwanza nikasikia kitu kama kikohozi. Kisha kikawa kikubwa zaidi, kikapanda, na pazia lote likaanza kutetemeka. Mama mkwe alikuwa anacheka. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akicheka. Kwa adabu alikuwa akingoja niondoke. Alicheka akishika jicho lake, akimwambia binti yake, "Nimemuua! Nimemuua mkwe wangu kwa sukari yake mwenyewe!" Mke wangu akaweka sinia chini ili naye acheke vizuri. Mimi nikajaribu kupata faraja kwa kupiga hesabu. Kumi na tatu pointi sita mara tano, mara mia na themanini: gramu kumi na mbili. Vijiko vitatu hivi. Sikumwambia mtu.

Baadaye nililetewa chai ya nne. Ilikuwa ya rangi, bila sukari, yenye mchaichai, imetoka kwenye birika lake mwenyewe. Ilikuwa mbaya. Nikaimaliza yote.

Jumatatu daktari alisoma kifaa chake na safari hii hakungoja swali.

"Saba pointi tatu. Milimoli kwa lita."

"Jumamosi nilikuwa ukweni," nikamweleza.

"Sukari ya asubuhi haikumbuki Jumamosi tu, Mzee. Inakumbuka mwili. Tunaanza dawa."

Nilitaka kumwonyesha jinsi nilivyokosa kwa robo hivi tu ya gramu, katika damu yote, kiasi ambacho sisimizi angekibeba nyumbani bila kuita wenzake. Lakini alikuwa ameshaanza kuandika, na nje kulikuwa na benchi zima la watu na gramu zao. Nikatoka na vidonge mfukoni. Kisanduku chenye vyumba saba nilikinunua njiani, cha rangi ya buluu, kwani nyekundu ilionekana ya kujionyesha.

Habari ilifika Katito kabla ya chakula cha mchana. Mke wangu aliweka simu kwenye spika juu ya meza ya jikoni. Nilisimama mlangoni, umbali wa heshima.

"Mwambie ameze akiwa amekula," sauti ya mama mkwe ikasema. "Akimeza tumbo likiwa tupu litamnguruma mpaka majirani wafungue mlango."

"Amesikia, Mama. Yuko hapa."

"Kidonge chake ni cha mviringo au kirefu?"

Mke wangu akanitazama. Nikafungua chumba cha Jumatatu.

"Kirefu," nikasema.

"Kama changu," akasema mama mkwe, na naapa kwamba alifurahi.

Tangu siku hiyo bado hatupeani mikono na bado hatuli chumba kimoja, lakini kila asubuhi simu ya mke wangu inalia kabla chai haijachemka. Hakuna salamu tena. Leo nilikuwa sita pointi nne, nambari bora tangu nianze, na nilikuwa nimeketi wima nikingoja kutangazwa.

"Mama, yeye leo ni sita pointi nne," mke wangu akasema.

"Mpongeze," sauti ikajibu. "Halafu mwambie mimi ni tano pointi tisa."

Nikaomba kipimo, nijipime tena.